Doa Juu ya Tuta

Jumatatu, 1 Aprili 1957

Usafi mkuu wa Pasaka umeanza. Mazulia yote nje, mume wangu Eppo kayapiga mpaka kakohoa. Bado sebule — na ile picha. Mkaa mtupu! Tuta la kuzuia bahari, shamba jeusi, anga jeusi. Oudkerk, mchoraji aliyepanga chumba cha juu mwaka 1909, alituachia uchafu huo, na sasa watu wa mjini wanamwita baba wa sanaa mpya. Mama mkwe haruhusu mtu aiguse. Kila asubuhi anakaa mbele yake na kahawa, mimi ananipa mgongo.

Jioni kaja wifi Roelfien. Anataka picha iende makumbusho. Mama kamjibu: labda nife. Basi wifi akanigeukia mimi — mimi! — eti kioo kina ukungu, eti mikononi mwangu itaoza. Tena mbele ya jirani akaniuliza: "Wifi, kwenu hamkuwa na vitambaa vya kufutia?" Jumamosi analeta bwana wa makumbusho, Mama atake asitake. Nimechemka.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama kaenda kanisani, mkutano wa akina mama. Nimeishusha picha, nikang'oa vijimisumari vya nyuma, nikasafisha kioo pande zote mbili. Karatasi nayo ilikuwa na doa mwisho wa tuta, kama mtu kafutia hapo kidole gumba. Nikachukua mkate mkavu, nikasugua taratibu, kama tunavyosugua karatasi za ukutani kila mwaka. Likatoka lote! Peupe kabisa. Aje sasa huyo Roelfien na ulimi wake.

Ijumaa, 5 Aprili

Asubuhi Mama kakaa na kahawa yake. Kisha: "Niko wapi?"

Nikadhani akili imemruka. "Uko nyumbani, Mama."

"Pale juu ya tuta, we mwanamke! Niko wapi?"

Ndipo akanieleza: alikuwa na miaka kumi na sita. Alisimama kwenye upepo mchana kutwa, Oudkerk akamweka pale kwa kidole gumba, mguso mmoja tu. Mama hakumwambia baba yake. Hakumwambia mumewe — maskini, kanywa kahawa chini ya picha hiyo mpaka anakufa, hakujua.

Nikamweleza habari ya mkate. Akauliza uko wapi. Nimewapa kuku! Alinitazama mpaka nikatamani anipige.

"Basi waichukue," akasema. "Mimi simo tena."

Nimelia ghalani. Na hasira ninayo pia. Si angesema! Miaka yote hii nampikia, namfulia, hata siku moja hajanifungulia kinywa. Ningejuaje kwamba lile doa ni mtu?

Jumamosi, 6 Aprili

Wamekuja. Naandika jikoni, maji hayajachemka.

Bwana wa makumbusho ni mrefu, kavua viatu mlangoni, Roelfien anamzungukazunguka kama bwana harusi. Kaisogelea picha, pua karibu iguse kioo. Akauliza kwa upole: kuna mtu aliyeigusa karatasi hii? Iliyochezewa hawaichukui.

Macho ya wifi kwangu, papo hapo! Nikasema naleta kahawa.

Nikikubali, picha inabaki hapa, na Roelfien atanisimanga kwenye kila sikukuu ya kuzaliwa mpaka niingie kaburini. Nikikana, inaondoka leo leo kwenye gari lake. Na Mama si kasema waichukue? Kasema mwenyewe!

Lakini nimechungulia sasa hivi. Bwana kanyoosha mikono aishushe, aitazame dirishani penye mwanga. Mama kainuka kitini, kajipenyeza, kasimama kati ya bwana na picha, mgongo umegandamiza kioo. Eppo anamwambia, Mama, mpishe mgeni. Hasogei. Mikono yake ameirudisha nyuma, ameishika fremu.

"Wifi!" Roelfien anaita. "Hiyo kahawa ndiyo kwanza unailima?"

Maji yamechemka. Nachukua trei. Mungu wangu, nakwenda kuwaambia habari ya mkate —