Wimbo wa Kulisifu Ghala

Northland, Columbus, Ohio
11 Novemba 2015

Mpendwa kaka Leonardi,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Louisville pamoja na wifi Josiane, na kwamba goti lako limepata nafuu kabla baridi haijakaza. Sisi afya tunayo, amani ndiyo iliyopungua.

Jambo lenyewe ni la mpwa wako Salvatori. Alipokwenda Buffalo kumtembelea mdogo wetu Kanyana, alinunua santuri ya bendi moja ya Wazungu, muziki wa miaka ya themanini wanaouita new wave. Ni vinanda vya umeme mwanzo hadi mwisho, na nyimbo zote za kejeli: wanamsifu bosi na mashine kwa sauti kavu, mpaka aibu inamrudia anayesifiwa. Tangu hapo kijana hapigi kinanda kama zamani.

Akatunga wimbo wake kwa Kiswahili. Unalisifu ghala anakofanya kazi baba yake, kama sisi tunavyoisifu mbingu: hakuna usiku, taa hazizimwi, hakuna aketiye, hakuna aliaye. Mwalimu wa kwaya aliusoma harakaharaka akadhani ni wa mbinguni kweli, wakauimba ibadani. Watu wakanyoosha mikono. Mimi nilinyoosha yote miwili.

Vijana walipoanza kucheka ndipo tulipojua. Wazee wa kanisa wakasema amedhihaki mbingu, wakamtoa kwenye kwaya na kumketisha benchi la nyuma, lile la waliotengwa. Unajua desturi yetu tangu kambi ya wakimbizi: anayeketi pale hapewi Meza ya Bwana hadi atubu mbele ya watu.

Mume wangu Minani, mzee mwenzao, aliinua mkono kukubali. Aliona mwanawe anamcheka, yeye na mgongo wake uliopindwa na maboksi. Nyumbani hawakusemezana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kaka. Niliumia, maana Salvatori alishaanza kufunga nguo zake ahame.

Jumamosi Minani akamwambia aupige tena, hapa sebuleni. Alisikiliza amesimama, kisha akauliza, "Nani alikuambia kwamba hatuketi?"

"Ninakuona ukirudi, baba."

Kesho yake Minani aliingia kanisani na tai yake, akavipita viti vya wazee, akaenda kuketi kando ya mwanawe. Wenzake walimwita, hakugeuka.

Najua watakupigia simu uje umshawishi Salvatori atubu. Usimshawishi.

Msalimie wifi, na mzee Ruhimbika jirani yenu. Mungu aliyetutoa kambini awatunze.

Ukija Krismasi kusali nasi, usitutafute mbele. Nami nimehamia nyuma.

Dada yako akukumbukaye kila siku,
Agata