Dua ya Mfamasia

Aston, Birmingham
28 Aprili 2018

Mpendwa Dada Deka,

Assalam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Garissa, na kwamba mvua imewapunguzia joto. Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo huu asiyenitaka nimtazame ulimi.

Mambo yalianza kwa wema. Mama Mdogo Habibo aliniomba nimsomee maandishi ya pakiti ya dawa yake. Nikamsomea kwamba imezwe baada ya kula. Yeye alikuwa akiimeza tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu kilipoisha, aliwatangazia jamaa wote kwamba Luul amemponya. Mama naye, kwa kuwa niliomba nafasi ya kusomea ufamasia ili kumridhisha, akaongeza kwamba mimi ni nusu daktari tayari. Tangu hapo sebule yetu imekuwa zahanati. Mzee Jama wa nyumba ya pili alivua soksi karibu na sahani ya sambusa, akauliza kama kidole kile kitakatwa. Nilimwambia aende hospitali. Akamsifu Mama kwamba binti yake hana pupa ya kukata watu!

Nilipoeleza kwamba ninachotaka kusoma chuoni ni Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi, pamoja na fasihi yake, hakuna aliyemaliza chai. Mama Mdogo aliuliza nani ataniitikia salamu kwa lugha ambayo wenyewe walishakufa. Kaka Abdiaziz akadakia kwamba afadhali hao, angalau hawatanikata kauli. Sasa ananiita Swami wa Aston, kama mtawa wa Kihindu, na kila nikipita mlangoni ananiinamia. Mama hakucheka. Aliuliza tu nani kanitia hayo kichwani, nikasema kweli: Mama Rikesh.

Huyu ni jirani yetu, Mhindi wa Kisumu, mwenye Kiswahili kinachosikika mpaka barabarani. Mama alijitanda mtandio akaenda kumgombeza. Alikawia sana. Alirudi na bakuli la chevda na hasira maradufu, kwa sababu Mama Rikesh ndiye aliyemlilia yeye: kwamba mwanawe anauza simu na hataki kusikia hata ubeti mmoja wa Kisanskriti, na Mungu alipomletea mwanafunzi hatimaye, akamletea wa nyumba ya wenyewe. Mama alituuliza, utamgombezaje mtu anayelia huku akikujazia bakuli?

Dada, sibadili dini, wala sikwepi kazi. Siku ya kwanza kumsikia Mama Rikesh akisoma beti zake uani kwake, nilikuwa nimetoka nje kwenda kutupa taka. Nilisimama na mfuko mkononi mpaka alipomaliza. Sikuelewa neno, lakini nilitaka kuelewa kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Ndipo nikamwomba anifundishe. Ufamasia haujawahi kunisimamisha hivyo.

Sasa la moyoni. Ijumaa ijayo, kabla Ramadhani haijaingia, Mama amewaita jamaa waje kuniombea dua mimi mfamasia. Mbuzi ameshaagizwa. Asichojua ni kwamba juzi niliikataa nafasi ya ufamasia, nikakubali ya Kisanskriti, tena London. Iliyokataliwa hairudi. Nitamwambia mwenyewe Alhamisi, tukiwa wawili tu.

Sikuombi unitetee, wala umbembeleze aniruhusu. Ila namjua: akishanisikia ataingia chumbani, afunge mlango, akupigie wewe kwanza. Tafadhali siku hiyo usizime simu. Mwache aseme yote, hata yale ya kwamba nimemwaibisha. Na akifika mahali pa kuuliza kama mbuzi anaweza kuchinjwa na dua ikasomwa kwa binti asiye mfamasia, mwambie inawezekana.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, na kwenye dua zako usinisahau.

Mdogo wako akupendaye,
Luul