Aliyeonyesha Ufa Ameitwa Mwizi

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijatia saini karatasi ambayo mkono wangu unaikataa. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari, nimeanzisha klabu ya usalama wa mitandao, nawafundisha watoto kutambua ujumbe wa matapeli, kutunza nywila na kulinda mifumo, ili wakimaliza shule wawe na pa kuanzia katika kazi hiyo, na siku ya wazazi mkuu wa shule mwenyewe aliwasimamisha mbele ya wageni akasema hawa ndio walinzi wetu wa kesho, tukapigiwa makofi mpaka nikaona haya.

Sasa kuna binti mmoja, wenzake humwita Sindano kwa wembamba wake, alikuwa anatazama matokeo yake kwenye mfumo mpya wa shule, akabadilisha tarakimu moja ya namba yake ya mwanafunzi aone itakuwaje, yakafunguka matokeo ya mtoto mwingine, na simu ya mzazi wake, na hata ugonjwa anaotibiwa. Akafunga papo hapo, akanifuata ofisini akaninong'oneza, "Mwalimu, siri za watu ziko nje." Nikajaribu mwenyewe, nikaona ni kweli, nikamshika mkono nikampeleka kwa mkuu nikijua atapongezwa.

Mkuu akamwita fundi aliyetengeneza mfumo, ambaye ni shemeji yake, naye hakuuliza tundu liko wapi, aliuliza, "Nani alikutuma uchungulie?" Kesho yake Sindano akatajwa mstarini kuwa mwizi wa taarifa, akarudishwa nyumbani. Mama yake, msusi, alikuja mikono bado ina mafuta ya nywele, akauliza, "Mwanangu ameiba nini?" Hakuna aliyemjibu, Shangazi, na mimi nilikuwepo.

Sasa nimeandikiwa maelezo kwamba binti alivunja mfumo kwa makusudi. Mkuu ameniambia, "Ukisaini, klabu yako inabaki. Usiposaini, naifunga, na wewe utafute pa kufundisha." Mume wangu anasema nisaini, watoto wengine wasikose masomo kwa ajili ya mmoja. Nimeomba nipewe muda. Na tundu lenyewe mpaka leo liko wazi. Nifanye nini?

Mwalimu niliyebanwa

*

Mwalimu, usisaini.

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini nikanywa maji kwanza, kwa hasira. Wahenga walituambia tuzibe ufa, hawakutuambia tumpige aliyetuonyesha. Fundi ameacha siri za watoto barabarani, halafu aliyeziokota na kuzirudisha ndiye mwizi? Huyo mkuu wako anawataka walinzi wa kupigiwa makofi, siyo wa kulinda.

Lakini na wewe sikuachi. Msusi alipouliza, ulinyamaza. Ulimpeleka mtoto wa mwenzio kwa mkono wako, ukamwacha arudi peke yake. Tena ulimfundisha kuona tundu, hukumfundisha kuomba ruhusa kabla ya kugusa kitu kisicho chake. Katika kazi hiyo, ruhusa ndiyo inayomtenganisha mlinzi na mvunjaji. Alikosea hapo, naye aambiwe hivyo kwa upole na mwalimu wake, siyo kwa kipaza sauti mstarini.

Mumeo ana hofu ya nyumba yake, simlaumu. Ila muulize: hao watoto wengine watajifunza nini katika klabu iliyonunuliwa kwa jina la mwenzao? Watajifunza kwamba ukiona hatari, ufumbe macho. Heri ifungwe.

Sasa fanya hivi. Andika maelezo yako mwenyewe: alichofanya, alichoona, kwamba alifunga na kukuambia, na kwamba nawe ulithibitisha. Kosa lake lile dogo usilifiche. Nenda na mama yake kwenye bodi ya shule, wakikataa kuwasikiliza nendeni kwa afisa elimu. Ombeni mambo matatu bila kupunguza: mfumo uzimwe mpaka utengenezwe na mtu asiye shemeji wa mtu, wazazi waambiwe kilichotokea, na binti asafishwe jina palepale mstarini alipochafuliwa. Klabu ikibaki, somo la kwanza liwe ruhusa.

Lakini kabla ya bodi, nenda saluni kwa yule mama. Subiri amalize kichwa alichoshika, kisha umjibu swali lake, binti naye akisikia: hakuiba kitu.

Shangazi