Kidole cha Baba

San Cristóbal,
Jumatatu, juma la mwisho la Oktoba

Dada yangu Nidia,

Salamu nyingi zikufikie hapo Pomuch, wewe na shemeji Gaspar na watoto, na shangazi Elvira pia, ambaye naomba umwambie kuwa dawa yake ya goti nimeipata na nitakuja nayo. Natumaini mvua zimepungua huko na tanuri linawaka kama kawaida. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haitulii, na ndiyo iliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu ungenikatiza nikiwa bado kwenye salamu. Usikasirike, unajua ni kweli.

Nakuandikia nikiwa barazani hotelini. Wageni ninaowatembeza wamekwenda sokoni kununua mablanketi ya sufu ambayo hawatajifunika kamwe, kwa kuwa ni watu wa Veracruz na huko kwao hata usiku watu wanatoka jasho. Ni walimu wastaafu, wenye maneno mengi. Kinara wao ni mjane mmoja, Bi Rebeca, ambaye siku ya kwanza tu aliniuliza kama nina mke. Nilipojibu sina, akasema basi nani ananifulia hayo mashati, au nikishavaa natupa? Basi zima likanicheka hadi Izamal.

Lakini sikuandika ili nikupe vichekesho. Tangu uliponipigia simu nikiwa Palenque sijalala usingizi wa maana. Ulinieleza kwamba mwaka huu uliwahi kwenda makaburini, ukamtoa baba sandukuni umpanguse mifupa kabla ya sikukuu ya wafu, na ulipofika mkono wa kulia ukakuta pingili moja ya kidole cha shahada haipo. Ukakung'uta kitambaa cha mwaka jana, ukapekua vumbi lote, hukuiona. Ukasema ni Mzee Venancio tu, kwa kuwa ndiye anayeshika ufunguo wa geti na ndiye anayewapangusia wafu wao watu walioko mbali, na kwamba watalii wa siku hizi wananunua chochote. Hayo uliyasema mbele ya wanawake wote waliokuwa pale na brashi zao.

Na sasa nimesikia hakuna anayempa tena mfu wake, na kwamba Alhamisi wakubwa wa mji watakaa wamnyang'anye ufunguo. Mkewe alitukanwa kwenye foleni ya mkate. Mzee ambaye ametunza mifupa ya mji mzima tangu sisi hatujazaliwa, leo anaitwa mwizi wa maiti. Siku ile ulipomaliza kunisimulia uliniuliza, "Wewe unaonaje, Wilberth?" Nami nikasema labda. Nilisema labda, dada, kisha nikasingizia mtandao mbaya.

Safari yenyewe imekuwa ya kukimbizana. Tulipotoka Uxmal tulipita hapo nyumbani, nadhani umekwisha ambiwa. Wageni walishuka kwenye duka la akina Haas barabarani, wakanunua mikate ya jibini, nami nikabaki kwenye basi nikijifanya nahesabu tiketi. Niliona paa letu. Dereva akaniuliza kama hapa si kwetu, nikamwambia akanyage mafuta, tutachelewa Campeche. Campeche nako sikukaa, niliwazungusha juu ya ukuta wa mji kama watu wanaodaiwa.

Baada ya simu yako ndiyo nikaharibikiwa kabisa. Palenque, mahali ambapo naweza kuongoza nikiwa nimefumba macho, nilichanganya wafalme. Bi Rebeca akaniambia, "Kijana, huyu umemzika mara mbili tangu asubuhi, mwache apumzike." Nikawa natembea mbele peke yangu, wazee wa watu wananifuata wakihema kwenye ngazi, mpaka mmoja akasema walilipa kuona magofu, hawakulipa kukimbizwa ndani yake. Unajua jinsi mnavyoniita kiguu na njia hapo nyumbani. Safari hii hata mimi nilijiona.

Jana tulifika kwenye maporomoko ya Agua Azul. Wengine wakaingia majini, mimi nikakaa kwenye kibanda cha samaki, na Bi Rebeca akaja na sahani yake bila kukaribishwa. Akasema amenitazama tangu tulipoanza safari, mkono wangu haubanduki kwenye mfuko wa shati. Akataka kujua ni rozari, au ni pete ya mwanamke aliyenikataa. Sijui kilichonipata, nikamwambia. Nililomficha dada yangu wa tumbo moja nilimfunulia mgeni mwenye mdomo uliojaa samaki. Nilitegemea acheke au ainuke mezani akimbie. Hakufanya hata moja. Aliuliza jambo moja tu: kwani baba yako alitaka kwenda?

Basi soma vizuri hapa, Nidia, na kama umesimama kaa kwanza.

Pingili ninayo mimi. Niliichukua mwaka jana, siku ile tulipomtoa baba ardhini kwa mara ya kwanza. Wewe ulikwenda kujaza ndoo, mimi nikabaki nasugua mkono wa kulia kwa ile brashi ndogo. Nikakifikia kidole ambacho alikuwa akibonyezea donge la unga kujua kama limeumuka. Kifupa chenyewe kilikaa kwenye kiganja changu vizuri mno. Niliposikia hatua zako nikafumba ngumi, na ulipokuwa ukitandaza kile kitambaa ulichokitarizi jina lake, kifupa kilikuwa tayari mfukoni. Nimekiweka kwenye kikopo cha peremende, nimekizungushia pamba.

Nilijiambia nafanya wema. Maisha yake yote baba alisimama mdomoni mwa tanuri akiwauzia mkate watu wanaokwenda kuona mambo ya babu zetu, naye hakuyaona. Nikasema nitamwonyesha. Na nilimwonyesha, dada. Kule Calakmul nilimpandisha mpaka juu kabisa, nikafungua kikopo, msitu umetanda hadi Guatemala na nyani wananguruma chini. Izamal tulikaa kwenye ukuta wa ile nyumba ya watawa, tukala aiskrimu ya nazi, yaani nilikula mimi. Pale Valladolid nilimteremsha kwenye kisima cha pangoni nikamchovya majini, halafu nikaogopa atapata baridi, nikamfuta kwa shati. Wageni wakisinzia ndani ya basi, tulikuwa tunazungumza Kimaya.

Jibu la lile swali la Bi Rebeca nalijua, na wewe unalijua. Baba hakutaka kwenda popote. Unakumbuka ile safari ya parokia kwenda Uxmal, alivyoshuka Hecelchakán, mji wa pili tu, akarudi kwa miguu eti tanuri litazima? Padri alipomuuliza kama hajuti, akasema mawe hayali mkate. Tukacheka mwaka mzima.

Sikumchukua kwa ajili yake. Nilimchukua kwa sababu nimechoka kulala hotelini peke yangu. Kila juma nawapandisha watu magofuni, nawapiga picha na wenzi wao, na wakishuka kwenye basi hata jina langu wamelisahau. Nilitaka mtu wangu mmoja wa kusafiri naye. Wewe una tanuri na watoto, yule Lorena niliyempenda niliwahi kumwomba tufuatane akakataa, na baba ndiye pekee ambaye hangeweza kukataa. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Kumtaja Mzee Venancio ni kosa lako, ila ile "labda" yangu ndiyo iliyokupa nguvu ya kuendelea. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, kesho asubuhi utakuwa nayo. Nakuomba usiningoje mimi. Ukimaliza kuisoma jitande shali yako ya rebozo uende nyumbani kwake, umwambie yeye na mkewe kwamba mwizi amepatikana na ni wa kwenu. Wakitaka ushahidi, wasomee. Mimi nawakabidhi wageni kwa mwenzangu kesho, na Jumatano nitakuwa hapo, kabla wakubwa hawajakaa. Mbele ya wale wanawake nitasema mwenyewe.

Najua hasira zako, na ukinifungia mlango nitaelewa, nitalala kwa shangazi. Lakini sanduku la baba usilifunge. Ningependa nimrudishe kwa mkono wangu, wewe ukiwa umesimama karibu hata kama hunisemeshi. Kikopo kiko hapa mezani wakati naandika. Nikishakirudisha sijui nitasafiri vipi, na hilo linaniogopesha kuliko wakubwa wa mji wote.

Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie Gaspar anibakizie kipande cha pibi ya kuku, hata kama ni kile cha pembeni kilichoungua. Mungu akuweke.

Mdogo wako mwenye kukupenda na kukuogopa,
Wilberth Euán