Namwonea Wivu Wakili wa Kwenye Runinga

Brooklyn Park, Jumapili, Februari 2014

Na bado Mama anampenda! Leo yule wakili mlevi wa kwenye tamthilia amemwambia mama yake mzazi kwamba hajawahi kumpenda, na Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Huyu mzungu hana adabu," akasema, "lakini angalau hamdanganyi mtu."

Nikadhani mlango umefunguka. Nikamwambia kwamba niliacha masomo ya uuguzi mwezi uliopita, na kwamba sikuwahi kuyataka.

Akazima runinga. "Wanjiru, unaongea na nani hivyo?"

"Na wewe, Mama. Nakuambia ukweli."

"Ukweli! Na kanisani nitawaambia nini?"

Tangu hapo hajanisemesha. Hata chakula alipakua bila kuniita.

Naona aibu kuandika kwamba namwonea wivu mtu wa kubuni. Yeye hutukana watu saa nzima, na Jumapili inayofuata Mama humngoja na chai mkononi. Mimi nilisema sentensi mbili, tena kwa upole.

Sasa Mama amewasha runinga tena, wanarudia kipindi kilekile. Namsikia kutoka chumbani kwangu, anamhimiza yule wakili: "Waambie, baba! Waambie!"