Majina Yaliyokuwa Kwenye Kola

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU TUKIO LA DARAJANI

Jina: hujulikana kambini kama Mama Dobi. Umri: miaka 51. Kazi: dobi wa kambi, mwaka wa kumi na tisa. Makazi: chumba namba 6, nyumba za wafanyakazi. Yameandikwa tarehe 9, saa 8:10 mchana.

Mimi ndiye ninayefua sare za kombania ya tatu. Mwanangu wa pekee yumo humo. Kila kola imepigwa muhuri wa namba ya jeshi, na pembeni yake vijana huandika kwa wino majina yao ya utani: Miwani, Bwana Usingizi, Kisigino. Ninapopanga nguo zilizokauka huyaita kwa sauti, kola moja baada ya nyingine. Ndiyo mazoea yangu.

Chumba cha pili kutoka ninapopangia nguo, ukuta wa mbao tu katikati, ndiko alikofungiwa Mwimbaji, yule aliyeshuka na chombo kutoka angani mwaka juzi. Ana makoo mawili na hana kope. Kombania ikienda vitani anatolewa aimbe kwenye kipaza sauti, na anayeusikia wimbo ule hofu yote inamtoka. Siku moja niliusikia kupitia ukutani. Nilikuja kuzinduka nipo katikati ya njia ya darajani, nimeshika pasi. Tangu hapo akianza kuimba naziba masikio kwa pamba, na namwogopa kama ukoma.

Mnamo tarehe 6, saa 10 jioni, aligonga ukuta. Akasema, "Mama, Kisigino hujamwita siku ya tatu leo." Nikamjibu hatarudi. Akauliza, "Aliogopa?" Nikasema, "Hakuogopa. Ungemwachia hofu yake angeinama risasi ilipokuja." Ndipo nilipogundua ninayesema naye ni nani. Nikasikia mbao zinagongana kwa alivyokuwa akitetemeka. Kisha akasema, "Niitie wote tena." Nikamwitia wote.

Leo saa 1:15 asubuhi kombania ilipangwa darajani. Niliwafuata kwa mbali na beseni la nguo, roho mkononi. Mwimbaji aliletwa na mnyororo mguuni. Alipoanza, niliona vijana hawanyooki kama siku zote, nikatoa pamba. Alikuwa akiita majina ya kwenye kola, vilevile ninavyoyaita mimi. Jina la kwanza lilipoitwa, beseni lilinidondoka. Mikono ilikuwa na sabuni. Kila aliyeitwa alishtuka, akaanza kutetemeka, akaweka bunduki chini, akakaa. Wengine walilia kama watoto.

Ng'ambo ya daraja adui walikuwa wametulenga, nikajua tumekwisha. Ndipo mmoja wao akapaza sauti, "Mimi naitwa Kiroboto!" Mwimbaji akamwita Kiroboto, naye akakaa. Mpaka saa 3 walikuwa wakigombania zamu ya kuitwa. Hakuna risasi iliyopigwa.

Saa 4 vijana wetu walikuwa wameshavuliwa sare na kufungiwa. Nilisikia mlangoni kwa meja kuwa kumi wa kwanza kuitwa watapigwa risasi, na kwamba majina yamo kwenye kanda iliyorekodi wimbo, kilichobaki ni kuyalinganisha na namba za kwenye kola. Sajenti akaniletea sare zote akasema, "Mama, zitunze, huu ni ushahidi."

Afande, mimi ni dobi. Nilizifua. Nilifua na za akiba, kwa dawa ya kung'arisha, nikasugua kola moja moja mpaka vidole vikachubuka. Muhuri hautoki, kwa hiyo namba zipo. Majina hayapo. Sikutumwa na mtu, wala Mwimbaji hakuniambia.

Umeniuliza kama nakumbuka nani ni nani. Kichwa changu ni cha dobi, kikishafua kimefua. Ninaogopa sana, sitaficha, hata kalamu hii inanishinda. Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, nimesomewa na ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (imepinda)

Maelezo ya mpokeaji: Nimekagua sare 112 zikiwa bado na maji kambani. Hakuna kola yenye jina. Shahidi hakuulizwa zaidi kwa nini beseni lilimdondoka, na sioni haja ya mtu mwingine kumuuliza.