Chupa ya Spiriti Tupu

Ijumaa, 20 Oktoba 2023

Prof. Thirumaran ameshawaita. Watu wa kampuni ya vidonge wanakuja tarehe 30 kuona mwani wetu ukiwa mwekundu. Wakitia sahihi mkataba, nabaki maabara hadi nimalize udaktari wangu. Wasipotia, narudi Karur kwa mama, na mchumba ameshatafutwa, najua.

Siwezi kutulia. Nachungulia hadubini kila saa. Chembe za mwani bado kijani, zinaogelea, hazina habari. Zikipata asidi yetu, ile tunayoijaribu, zinaingiwa na hofu, zinajikunja, zinatengeneza rangi nyekundu ya kujikinga. Ndiyo hiyo watu wanaimeza wasizeeke.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimekuja kupima asidi — mizani imepakwa liwa na kuvishwa maua! Ibada ya vyombo vya kazi, siku vinapopumzishwa visiguswe, ni kesho, ila Yazhini wa meza ya pili kaona aanze leo. Nikamwambia anipishe, dakika mbili tu. Akasema, "Dada, mizani imelala. Ukiiamsha mambo yakaharibika, usije kunililia." Nikamjibu wageni hawalali. Akanijazia dengu kiganjani, eti nile ninyamaze.

Prof naye, na usomi wake wote, kasema tungoje Jumanne, siku njema ya kuanza jambo.

Mikono inaniwasha. Asidi huwa tunaiyeyusha kwenye spiriti, na spiriti ilikuwa tayari. Nikaitia tupu, bila asidi, kwenye chupa moja ya mwani, nione tu. Hatujawahi kuijaribu peke yake. Chupa za kulinganishia, zisizo na asidi, tunazitia maji.

Jumanne, 24 Oktoba

Asidi imeingia, chupa tatu. Prof kavunja nazi mlangoni. Sasa kungoja. Nachukia kungoja.

Ijumaa, 27 Oktoba

Za asidi zimegeuka rangi ya matofali. Yazhini anacheza.

Ya spiriti nayo imegeuka. Nyekundu ile ile.

Ya maji bado kijani. Basi asidi yetu haifanyi kitu? Mwaka mzima ni spiriti tu? Nimeangalia tena, na tena. Sijala.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimemwonyesha Prof. Kaiinua chupa kwenye taa. Kisha akauliza nani mwingine ameiona. Nikasema Yazhini peke yake.

"Kothai, binti yangu, nani atanunua siri ya spiriti? Kila mtu anayo. Iweke kabatini. Wakishaondoka tutarudia jaribio vizuri, mimi na wewe."

Kasema kwa upole, na ndicho kinachoniuma. Angenifokea ningejua la kufanya. Yazhini kaniambia, "Si nilikwambia vyombo vimelala?" Nikacheka, kisha nikaenda chooni kulia.

Jumatatu, 30 Oktoba

Wako ofisini kwake, wanakunywa kahawa. Mlango uko wazi. Namsikia akiwaambia asidi inazidisha rangi mara tatu. Mmoja wao, mama wa miwani, kauliza zile za kulinganishia tuliziwekea nini. Prof kamjibu, "Zinakuja, mtaona wenyewe."

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Kabati nimelifungua. Nikiitoa ya spiriti, Prof hanisamehe, na Karur inaningoja. Nikiiacha, jina langu litakuwa kwenye kila kidonge.

Prof anaita, "Kothai, mama, lete chupa!"

Tatu za asidi ziko kwenye trei. Ya maji ipo. Yazhini ameshika mlango, ananiuliza kwa kunong'ona ni chupa ngapi. Nimemwambia tano. Kaniangalia, kisha kaangalia kabati. Trei bado sijainyanyua, na Prof ananiita tena